Mboga ya Miaka Ishirini

Karatina
6 Machi 1967

Ndugu Isaiah,

Salamu nyingi kutoka kwa yule jamaa wa meza ya pili kutoka dirishani, stoo ya mizigo ya reli, Nakuru, uliyemfundisha kujaza fomu bila kumwaga wino kwenye shati. Siku hizi namwaga mafuta ya taa kwenye shati, kwa kuwa nina duka. Hayo ndiyo maendeleo.

Nina shamba, Isaiah! Ekari mbili na nusu huko Yamumbi, hatua chache tu nje ya mji wako wa Eldoret, pamoja na kibanda cha mabati ambamo mzungu aliyeondoka alikuwa akiweka matandiko ya farasi. Kampuni yetu ya kununua mashamba ilipopiga kura, niliokota karatasi namba arobaini na moja. Mama yangu, Nyaguthii, alilia kwa furaha, kisha akapangusa macho akasema hahami hadi mimi mwenyewe nihame. Na mimi sihami hadi nipate mtu wa kulinunua duka. Na mtu huyo bado hajazaliwa.

Shida ni sheria ya kamati. Shamba likikaa msimu mmoja bila kulimwa, hupewa mwanachama mwingine. Wewe uko hapo mtaa wa West Indies, kwenye nyumba ya kupanga yenye uwanja wa saruji, na najua bado unapanda vitunguu ndani ya makopo. Nilimie mahindi, ndugu yangu. Kile kipande kilicho kando ya kibanda ni chako. Panda unachotaka.

Mwenyekiti wa kamati ni Bwana Kinyanjui. Akikuuliza wewe ni nani, mwambie wewe ni mtu wangu. Mengine nimeshamwandikia.

Rafiki yako,
Gerishon Nderitu


West Indies, Eldoret
30 Aprili 1967

Bwana Gerishon,

Mahindi yako yameshaingia ardhini. Nilikodi trekta la Kipyego, ambaye huliendesha kama mtu anayefukuza mwizi, kwa hiyo mistari yako imepinda kama sahihi yako. Naenda kila Jumamosi na Jumapili kwa baiskeli. Mke wangu Maximilla ananiuliza kama siku hizi nasali huko Yamumbi.

Kando ya kibanda nimepanda kamboga kidogo.

Wako,
Isaiah Ogola


Karatina
21 Mei 1967

Isaiah,

Kinyanjui ameniandikia. Nanukuu: "Mtu wako amechimba makaburi mawili kando ya nyumba. Kamati inaomba kujua ni ya nani." Niliisoma barua hiyo kwa sauti dukani, mbele ya wateja watatu, na mmoja wao akavua kofia.

Ni kamboga gani hako kanakozikwa?

Gerishon


West Indies, Eldoret
4 Juni 1967

Bwana Gerishon,

Si makaburi. Ni mitaro. Mfupa wako wa wasiwasi haujapona tangu Nakuru.

Mwezi wa tatu alikuja stesheni mama mmoja mzungu wa upande wa Turbo, anahama kabisa, na makasha kumi na saba ya kupeleka Mombasa. La kumi na saba lilikuwa limejaa mizizi. Nikamwambia, "Mama, mizizi hii na udongo wake haitaruhusiwa kupanda meli." Akakaa juu ya kasha akalia. Nimeona wazungu wengi wakiondoka, lakini huyo hakulilia nyumba wala ng'ombe, alililia mizizi. Kisha akaniuliza, "Karani, wewe una shamba?" Gerishon, mdomo wangu ulisema ndiyo kabla sijaushauri.

Inaitwa asparagasi. Mizizi yake ni kama pweza aliyekauka. Unachimba mtaro wa kina cha goti, unajaza samadi, unakalisha kila mzizi juu ya kilima kidogo kama kuku anayeatamia. Aliniandikia maelezo kwenye karatasi, pande zote mbili. Pia kuna rubabu, ambayo shina lake huliwa na jani lake ni sumu, lakini hiyo ni kidogo tu.

Kukata hairuhusiwi mwaka wa kwanza. Wala wa pili. Mwaka wa tatu unakata kwa wiki mbili, unaacha. Utakapohamia utakuta mboga ambayo hata gavana alikuwa akiingoja kwa uma mkononi.

Isaiah


Karatina
27 Agosti 1967

Ndugu Isaiah,

Nimemeza ile habari ya sumu. Nimemeza ile miaka mitatu. Jana amekuja dukani kijana wa kilimo kununua sabuni, nami nikataka kujionyesha. Nikamuuliza, "Wewe unaijua asparagasi?" Akasema anaijua sana, aliisoma chuoni, ni mmea wa ajabu, ukishaupanda unakaa ardhini miaka ishirini.

Ishirini, Isaiah! Karatasi ya pande mbili haikuwa na nafasi ya neno hilo?

Na mama yangu alikuwa amekaa pale pale kwenye gunia la chumvi. Akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka. "Gerishon," akasema, "umempa mtu shamba alilime, naye amepanda kitu cha miaka ishirini?" Nikamwambia ni mboga tu, mama. Akasema, "Hata mti wa mugumo ulianza kama jani."

Nadhani unajua desturi yetu, na kama huijui nakueleza. Mtu aliyeazimwa ardhi hupanda vya msimu. Mahindi, maharagwe, viazi, avune aende. Hapandi kinachokaa. Aliyepanda kinachokaa amesema naye anakaa, hata kama hakufungua mdomo. Mimi najua wewe huna nia hiyo. Mama hajui, na wazee wa kamati wana umri kama wake.

Tafadhali zing'oe, uzirudishe kwenye makopo yako.

Gerishon


West Indies, Eldoret
11 Februari 1968

Bwana Gerishon,

Barua yako ya Agosti nafikiri ilipotea. Niliisoma mara nne, nikaiweka mahali ambapo ingepotea.

Mahindi yametoa magunia thelathini na manne. Kuhusu ile mboga, sasa ni kiangazi na imelala. Majani yamekuwa ya njano, nimeyakata, mizizi iko chini inapumzika. Utamng'oaje mtu aliyelala? Mvua ikija nitaitazama.

Sasa mimi nina langu. Juzi Kinyanjui alinikuta nikipalilia, akanipa mkono wa heshima sana. "Shemeji hajambo?" Nikatazama nyuma yangu nione anaongea na nani. Akaendelea, "Unajitahidi. Lakini Nderitu ni mpole mno. Mimi ningekuwa yeye, hungeshika hata jembe hili kabla mbuzi wote wa mahari ya dada yangu hawajafika." Gerishon, naomba unijibu kama unavyojibu polisi. Nimeoa lini kwenu?

Isaiah


Karatina
3 Machi 1968

Ndugu yangu,

Nilikuwa nikikuandikia kuhusu hilo tangu mwaka jana, lakini kila nikianza, mteja anaingia.

Kamati ilituma fomu. "Anayelima shamba ni: mwanachama, mke, mtoto, ndugu, shemeji. Futa zisizohusika." Fomu haikuwa na nafasi ya rafiki, Isaiah. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, mtoto wangu Wangari yuko shule, na kuandika Mjaluo Ogola kuwa ndugu wa Mkikuyu Nderitu, hata Kinyanjui na miwani yake iliyopasuka angecheka. Nikafuta zote, nikaacha shemeji. Niliona ni uongo mdogo. Kumbe nao ni wa kudumu.

Usimwambie Maximilla. Na mboga, nakuomba, ing'oe. Mama anaulizia kila Jumapili baada ya ibada. Nilimdanganya kwamba umeng'oa nusu.

Gerishon


West Indies, Eldoret
4 Mei 1969

Kwa Bwana Gerishon Nderitu,

Mimi ni Maximilla, mama Apiyo, mke wa Isaiah. Mke wa kanisa, wa ndoa ya miaka ishirini na mbili.

Jana sokoni mke wa Bwana Kinyanjui aliniuliza kwa upole kama mimi ndiye yule mkubwa. Nikasema mkubwa wa nini? Akaniambia kila mtu Yamumbi anajua kuwa mume wangu ameoa dada yako, kamati imeandika kwenye kitabu, na kwamba yeye hajamwona huyo mke mdogo kwa macho lakini bustani yake ameiona.

Nimemuuliza Isaiah. Anasema ni mambo ya fomu. Bwana Nderitu, mimi nimezaliwa kijijini, nayajua mambo ya ardhi. Mwanamume akienda mahali kila Jumamosi na Jumapili kwa miaka miwili, huenda anapenda kulima. Lakini mwanamume akipanda kitu cha miaka ishirini, mahali hapo pana mwanamke. Kwangu hajawahi kupanda hata ua. Anasema nyumba ni ya kupanga.

Jumamosi ijayo yuko zamu stesheni. Mimi nitakwenda huko Yamumbi na jembe. Huyo dada yako akiwepo, mwambie ajitayarishe kusalimiana.

Maximilla


TELEGRAMU
Karatina, 10 Mei 1969

OGOLA STESHENI ELDORET
USINGOE MBOGA NARUDIA USINGOE BARUA INAKUJA
GERISHON


Karatina
10 Mei 1969

Mama Apiyo,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimefunga duka ili niijibu, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya uhuru.

Nina dada mmoja tu. Anaitwa Wahu, ana miaka hamsini na minane, wajukuu tisa, na anauza ugoro soko la Karatina. Nimemsomea barua yako. Amecheka hadi akapaliwa, akauliza kama huyo Isaiah ana meno yake yote.

Kosa ni langu tangu mwanzo hadi mwisho. Mumeo hana mwanamke Yamumbi. Ana mtaro, na ninakubali kwamba kwa mke hilo ni gumu zaidi kulisamehe.

Lakini sasa nisikilize, maana nimepiga telegramu kabla hata ya kukuandikia. Barua yako ilikuja pamoja na ya kamati. Wanasema kuna wanachama walionunua ardhi ili waiache tu. Tarehe 14 Juni watapita shamba kwa shamba. Ambaye hana nyumba aliyojenga mwenyewe, au mmea wa kudumu uliokwisha shika, namba yake inarudi kwenye kura.

Nyumba sijajenga. Kibanda cha farasi hakihesabiwi. Mahindi hayahesabiwi. Nimekaa hapa kaunta nikihesabu kitu cha kudumu nilicho nacho Yamumbi, na kuna kimoja tu, ambacho nimeagiza king'olewe kwa miaka miwili mfululizo.

Nakuomba kwa heshima zote, weka jembe chini.

Gerishon


West Indies, Eldoret
16 Juni 1969

Bwana Gerishon,

Isaiah ameshindwa kukuandikia, kwa hiyo naandika mimi.

Telegramu yako ilifika stesheni saa kumi jioni. Mimi nilikuwa nimemaliza kung'oa saa nane. Ile mizizi haitoki kirahisi, imeshikana chini kama watu walio kwenye maombi. Nilipofika mwisho wa mtaro wa pili nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilisahau ninamkasirikia nani. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Kibandani mlikuwa na jembe, kiti kimoja, na karatasi ya mzungu imetundikwa msumarini ndani ya plastiki. Kiti kimoja, Bwana Gerishon. Nilikaa nikakitazama.

Isaiah alifika kwa baiskeli na telegramu yako mdomoni. Hakunigombeza. Alipiga magoti, akaanza kuifunika mizizi kwa magunia mabichi, mmoja mmoja. Afadhali angenigombeza. Jioni ile na siku iliyofuata tukaipanda yote upya, mimi nikimsomea karatasi, yeye akikalisha. Amenieleza kwamba mzizi ukihamishwa miaka huhesabiwa upya. Mwaka huu ulikuwa ndio wa tatu. Ulikuwa ndio wa kula.

Juzi kamati ilikuja. Watu saba na kitabu. Juu ya mtaro palikuwa na vijinywele vya kijani, urefu wa kidole. Kinyanjui akauliza huu ndio mmea wa kudumu? Isaiah akamwonyesha karatasi. Kinyanjui akasoma, akageuza, akasoma nyuma, akasema ishirini ni ya kutosha. Kisha akainua macho akaniona mimi.

"Na huyu mama?"

Isaiah akapiga magoti, akaanza kupanga samadi. Nikaona kitabu kimefunguliwa, kalamu iko juu ya namba arobaini na moja.

"Mimi ndiye dada yake Nderitu," nikasema.

Akanisalimia kwa Kikuyu. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nililelewa Kisumu tangu utotoni.

"Ajabu. Nderitu hakuwahi kunitajia."

"Ananionea haya, mzee. Kwa sababu ya mwanamume aliyenioa."

Akamtazama Isaiah, ambaye alikuwa amepiga magoti kwenye samadi na kofia ya reli kichwani. Akaelewa kabisa. Akaandika.

Shamba lako liko salama. Sasa mimi na wewe tumezaliwa pamoja, kwa hiyo nakwambia kama dada: usijaze tena fomu yoyote.

Maximilla


Yamumbi
26 Machi 1972

Ndugu Isaiah,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako kile kimoja. Nimehama, hatimaye. Duka alilinunua yule kijana wa kilimo, maskini, na nyumba imekwisha isipokuwa mlango wa nyuma, ambao fundi ameupima kwa kukisia.

Sikukuuliza kwa nini uliomba uhamisho wa Kisumu mwishoni mwa mwaka ule wa sitini na tisa. Mwaka ule watu walikuwa wakikuuliza jina la baba, ili wajue kabila lako, kabla ya kukujibu salamu, na kila mtu alikuwa na sababu zake. Uliniachia barua ya mistari minne na ufunguo wa kibanda, na tangu hapo Kipyego ndiye alinilimia mahindi. Nimekaa na hiyo mistari minne zaidi ya miaka miwili, nami si mtu wa kukosa maneno. Kwa hiyo nakuandikia kuhusu mboga.

Zimetoka. Wiki iliyopita mvua ilinyesha siku mbili, na asubuhi ya tatu nikasikia mama akiita kana kwamba ameona nyoka. Zimesimama mtaroni kama vidole vya mtu anayetaka kuuliza swali. Nyingine nene, nyingine nyembamba, zina rangi ya zambarau kichwani. Jioni zimeongezeka kiganja kizima! Sijui nikate ipi, wapi, lini. Ile karatasi panya wamekula nusu, na nusu iliyobaki inazungumzia kuilaza tu.

Lakini shida yangu si hiyo. Shida yangu ni mama. Huyu mama aliyenifanya nikuandikie ung'oe, ung'oe, ung'oe, ndiye amekuwa akipalilia mtaro wako tangu afike. Hamruhusu mtu kusogea. Jana nilimwambia, "Mama, si ulisema aliyepanda kinachokaa anadai kukaa?"

"Nilisema," akanijibu. "Sasa yuko wapi?"

Nikamwambia uko Kisumu.

"Basi huyo ana tabia mbaya. Kupanda kinachokaa halafu ukaondoka ni kama kijana aliyempa msichana mimba akaomba uhamisho. Mwandikie. Mwambie kitu chake kimezaa, aje akilee. Mimi nina miaka themanini, siwezi kulea vya watu."

Nikadhani ni maneno ya hasira tu. Leo nimeamka nikamkuta amepima hatua thelathini kutoka mtaroni hadi kwenye mwerezi wa mpaka, kwa fimbo yake, na amechomeka vijiti vinne. Nikauliza ni vya nini. Akasema pale ndipo patakapokuwa na nyumba ya shemeji. Nikamwambia, mama, wewe unajua vizuri huyo si shemeji. Akasema kitabu cha kamati kinasema ni shemeji, na yeye hajui kusoma, kwa hiyo hawezi kubishana na kitabu.

Bado miaka miwili ustaafu. Vijiti viko pale. Nimejaribu kung'oa kimoja ili nipitishe toroli, nikapigwa fimbo ya mguu, mimi mtu wa miaka hamsini na mbili.

Nikate wapi, Isaiah? Jibu upesi. Zinazidi kurefuka.

Gerishon


Kisumu
31 Machi 1972

Gerishon,

Usikate chochote kilicho chembamba kuliko penseli. Usikate kwa panga, nakujua. Kisu kidogo, kidole kimoja chini ya udongo, kwa kuinamisha. Rubabu usiiguse kabisa.

Kuna jambo nililokuficha tangu mwaka wa sitini na saba. Ulinieleza desturi yenu kana kwamba siijui. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Mgeni wa ardhi hapandi kinachokaa. Nilijua siku ile nilipochimba. Nimeishi nyumba za reli na za kupanga miaka thelathini, Voi, Nakuru, Eldoret, na kila nikihama nasafisha ukuta nilipotundika kalenda, ili karani ajaye asijue nilikuwepo. Ukaniandikia "panda unachotaka." Hukufikiri vizuri. Mimi nilifikiri.

Maximilla amesoma barua yako kabla yangu, kama kawaida. Ameshafunga mfuko. Anasema hatua thelathini hazitoshi kwa jiko na kuku, na kwamba ana haki ya kusema kwa sababu ni shamba la kaka yake.

Tunakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Garimoshi la kutoka hapa linazungukia Nakuru kabla ya kufika Eldoret, na mimi karani wa reli naona haya kulisema, lakini tutapanda basi. Mwambie mama asimame pale pale alipo na fimbo yake, asikuache usogee karibu.

Shemeji yako,
Isaiah